Nimechoka na watu wanaocheza Mafia halafu wakifa hawanyamazi

Wakuu, mnisamehe kwa urefu. Jambo hili limenikaa kooni tangu Jumamosi na nisipolitoa hapa nitagombana na mtu.

Tulialikwa kwa rafiki yetu Kimara. Pilau imeliwa, soda zimeshuka, umeme upo (maajabu), tuko watu 12 sebuleni. Mtu akatoa wazo: tucheze Mafia, ule mchezo ambao wachache wanaojuana wanaua raia mmoja kila usiku, na mchana wote tunabishana na kupiga kura ya kumtoa tunayemshuku. Mama yake mwenyeji alikuwa anapita na sinia, akauliza, "Kwani mnaenda Mafia lini? Mniletee nazi." Tukacheka sana. Ningejua yanayokuja ningemfuata jikoni nikamsaidie vyombo.

Msimamizi alijiteua mwenyewe, jamaa mwenye sauti ya MC wa harusi. Akachanganya karata, akatangaza nyekundu ni mafia, nyeusi ni raia, akatugawia. Kati ya wachezaji 11 aliweka mafia watano. "Ili kunoge."

Hebu tupige hesabu, wala si ngumu. Mafia 5, raia 6. Usiku wa kwanza wote tumefumba macho, mafia wanafumbua, wanaonyesha kidole, raia mmoja anauawa. Wamebaki 5 kwa 5. Na kanuni inasema mafia wakilingana idadi na raia mchezo umekwisha, maana hakuna tena kura ya kuwatoa bila wao kutaka. Yaani tulishindwa kabla hakujakucha, hata neno moja hatujabishana! Nikamwambia. Akanijibu, "Wewe una mambo mengi, tulia ucheze."

Kwa watu 11 mafia ni watatu, wakizidi hapo umeharibu. Mkiwa saba au wanane, wawili wanatosha kabisa. Mafia hawahitaji kuwa wengi kwa sababu silaha yao ni kujuana. Mwingine yeyote pale hajui hata aliyekaa naye mkeka mmoja ni nani.

Na kabla sijasahau, kuna kijana alidakia kwamba mchezo wenyewe umeigwa kutoka Among Us, ule mchezo wa kwenye simu. Kijana! Among Us ilitoka 2018 na ikavuma 2020 watu walipojifungia ndani na Korona. Mafia aliubuni Dimitry Davidoff mwaka 1986, kwenye idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akaubadilisha sura, mafia wakawa watu wanaogeuka mbwamwitu usiku, lakini mifupa ni ileile: wachache wanajua kila kitu, wengi hawajui chochote, ila wengi ndio wenye kura. Mkumbukeni kijana huyu, anarudi.

Tukaanza upya. Safari hii mafia 3, daktari 1 (kila usiku anachagua mtu wa kumponya asiuawe), mpelelezi 1, raia wa kawaida 6. Mimi nikapata mpelelezi. Kila usiku nafumbua macho, namnyooshea mtu mmoja kidole, msimamizi ananijibu kwa kichwa kama ni mafia au siye. Usiku wa kwanza nilimpima jamaa wa jezi ya njano aliyekaa na mchumba wake. Kichwa kikashuka: ndiye. Kulipokucha, aliyekufa ni yule kijana wa Among Us. Nikanyamaza na siri yangu, kwa sababu mpelelezi anayejitangaza siku ya kwanza anazikwa usiku uleule. Unasubiri upate majibu mawili, au uwe na hakika daktari anakulinda.

Sasa ndipo viapo vikaanza, na hapa ndipo hasira yangu hasa ilipo.

Mtu akasema, "Basi kila mmoja aape." Wakaanza mmoja mmoja: haki ya Mungu, wallahi, naapa kwa mama yangu mzazi mimi si mafia. Jamani, huu ni mchezo wa kudanganya! Aliyepewa karata nyekundu kazi yake ni kudanganya. Sasa ukimwapisha unataka afanye nini, atubu? Kwetu kiapo si mzaha. Mtu akishaapa, ukimbishia unaonekana wewe ndiye huna hofu ya Mungu, na mjadala unafia hapo. Ubaya zaidi ni kwa yule mwenye hofu ya kweli. Kulikuwa na dada mmoja mlokole, raia safi, akasema mimi siapi, imani yangu hairuhusu. Kura sita zikamwangukia papo hapo. "Kwa nini hataki kuapa? Ana kitu huyu." Wakamtoa mtu asiye na hatia kwa kosa la kumheshimu Mungu wake, na waliomtoa wakapeana tano.

Usiku wa pili. Wakuu, Kiswahili chetu kimetupa zawadi ambayo wenye lugha nyingine wanaitafuta kwa tochi. Ukisema "daktari ameamka, anamponya nani?" hakuna anayejua kama daktari ni mwanamume au mwanamke. Wenzetu wa Kiingereza wasimamizi wao wanateleza hapo kila siku, wanataja "yeye" wa kike na nusu ya sebule inasalimika. Sisi kuteleza ni mpaka ukusudie. Msimamizi wetu akafanikiwa. Kwa sauti ileile ya harusini, watu wote tumefumba macho, akasema, "Haya shemeji, unamponya nani?"

Shemeji! Pale ndani aliyekuwa anaitwa shemeji ni mmoja tu, mke wa mwenyeji. Hata mbu walijua daktari ni nani.

Msimamizi asimame sehemu moja. Asigeuze uso kumwelekea anayemsemesha, sauti inasikika inakoelekea. Aseme maneno yaleyale kila usiku, na kama hamfichui karata za waliokufa, basi amwite daktari hata kama daktari kafa, asubiri kidogo, aendelee. Ukiacha kumwita umeshatangaza msiba wake. Na wachezaji wapigepige mapaja wakati wa usiku, maana viti vya plastiki vinalia ukinyoosha mkono tu. Haya yote nilimweleza kabla. Una mambo mengi.

Asubuhi akafa raia mwingine. Tumebaki wanane, mafia watatu wote wazima. Daktari ameshaanikwa, usiku unaofuata ni zamu yake, kwa hiyo sikuwa na cha kusubiri. Nikajitokeza: mimi ndiye mpelelezi, jezi ya njano ni mafia, mchana huu tumtoe.

Jamaa akasimama, mkono mmoja kifuani mwingine juu. "Haki ya Mungu, mama yangu afe, mimi ni raia."

Pakawa kimya. Halafu kutoka mkono wa sofa, huku akitafuna karanga, yule kijana aliyekufa tangu usiku wa kwanza, ambaye alikuwa anaangalia usiku wote macho makavu, akapasuka: "Weee! Unaapa uongo! Si nimekuona usiku ukinyoosha kidole na wenzako!"

Najua mtasema, si alikusaidia? Hapana. Aliua mchezo. Nilikuwa nimejipanga kumbana kwa hoja, nani alimpigia nani kura jana, nani alichelewa kunyoosha mkono, ndiyo raha yenyewe. Maiti akishasema hakuna tena cha kufikiri. Na jamaa wa jezi hakuyumba hata kidogo: "Marehemu kaongea, ushahidi huo haukubaliki." Msimamizi naye: "Sawa, msihesabu alichosema." Watu wakataka kuonekana wanatenda haki. Wengine wakasema mimi na marehemu tumepanga. Kura tano kwa tatu, nikatoka mimi. Usiku wakamuua shemeji, wakabaki watatu kwa watatu, kwisha.

Kumbe haijaisha. Mchumba wake jamaa, ambaye alikuwa raia na alinipigia mimi kura kwa sababu alimwamini mwenzake, akauliza polepole, "Kwa hiyo unaweza kuniangalia machoni, ukaapa kwa mama yako, na ni uongo?" Jamaa akasema ni mchezo. Akaambiwa, "Sijauliza kama ni mchezo." Wameondoka na bajaji mbili tofauti. Na asubuhi kwenye kundi letu la WhatsApp mimi ndiye niliyeambiwa nachukulia mambo kwa uzito.

Wenye tabia ya kugeuza karata na kusema "mimi raia, oneni" nao sijawasahau, ila mkono umechoka kuandika. Ukionyesha karata umetoka, hata kama ni raia.

Jumamosi ijayo ni kwangu. Atakayeapa kwa chochote, Mungu, mama, au timu yake, anahesabiwa amekufa. Waliokufa wanakaa varandani, mlango nafunga, karanga zao watazikuta huko. Jamaa wa sauti ya harusi amekaribishwa kama mchezaji tu. Kwa hiyo natafuta msimamizi, awe mtu asiyependa kusikika, anayejua kuhesabu mpaka 11. Aliyeko Kimara, Mbezi au Ubungo aniandikie pembeni, nauli nalipa na pilau ipo.