Mjadala: Nani mkubwa zaidi katika tenisi ya Thailand, Paradorn au Tamarine?

Wadau, kila tenisi ya Thailand inapotajwa, jina la kwanza kumtoka mtu ni Paradorn Srichaphan. Wanaomtetea wana hoja moja nzito: mwaka 2003 alipanda hadi nafasi ya 9 duniani, akawa mwanamume wa kwanza kutoka Asia kuingia kumi bora. Tamarine Tanasugarn, mwanamke aliyemtangulia kwenye tenisi ya kulipwa, hakuwahi kuivuka nafasi ya 19, aliyoishika Mei 2002. Basi wanasema mjadala umekwisha. Kwangu ndio kwanza unaanza, kwa sababu naamini Tamarine ndiye mkubwa, na anayepima kwa namba hiyo moja anamdhulumu.

Paradorn apewe chake kwanza. Wimbledon 2002, yale mashindano ya nyasi ya London, mzunguko wa pili, alimtoa nyota wa Marekani Andre Agassi kwa seti tatu mfululizo, na wasiomjua wakamjua siku hiyo. Alikuwa akishinda anaunganisha viganja na kuinamia pande zote nne za uwanja, salamu ya kwao, na watu wakampenda hata kabla hawajaweza kulitamka jina lake. Alichukua mataji 5 ya ATP, yaani mashindano ya kulipwa ya wanaume. Kifundo cha mkono kilipomharibikia mwaka 2007 hakurudi tena katika hali yake, na mwaka 2010 akatangaza kustaafu. Simlaumu kwa jeraha, hakuna aliyeliomba.

Ila twende kwenye mashindano makubwa manne, ambako wachezaji wote hupimwa. Paradorn hakuwahi kupita mzunguko wa nne. Tamarine alipita.

Majira ya nyasi ya 2008 yanatosha kunifanya niandike haya. Anakwenda Rosmalen, Uholanzi, ana miaka 31, kiwango kimeshuka mpaka inabidi aanzie kwenye mechi za mchujo. Anapenya mchujo, anafika fainali, na huko anamkuta Dinara Safina, aliyekuwa ametoka kucheza fainali ya Roland Garros, mojawapo ya hayo makubwa manne, huko Paris, mwezi huohuo. Tamarine anamfunga 7-5, 6-3. Anavuka bahari kwenda Wimbledon, na katika mzunguko wa nne anapangiwa Jelena Jankovic, aliyeorodheshwa wa pili kwa ubora katika mashindano, kwenye uwanja namba 18. Jankovic alilalamika sana kupelekwa uwanja wa pembeni namna ile. Matokeo yakawa 6-3, 6-2 kwa Tamarine. Venus Williams ndiye aliyemtoa kwenye robo fainali, na Venus huyo ndiye aliyeondoka na kombe.

Mwaka uliofuata alirudi Rosmalen na kulitetea taji lake. Nusu fainali alikutana tena na Safina, ambaye sasa alikuwa namba moja duniani, akamtoa tena.

Najua jibu litakalokuja: "Huyo ni mchezaji wa nyasi tu." Hapo mna nusu ya haki. Alipiga mipira iliyonyooka, inayokwenda chini kwa kasi, na nyasi huizuia mipira ya aina hiyo isiinuke. Kwenye udongo wa Paris hakuwahi kutamba, sikatai. Lakini wakati wake, kati ya Roland Garros na Wimbledon palikuwa na wiki mbili tu, kisha nyasi zinakwisha hadi mwaka mwingine. Mchezaji ambaye silaha yake kubwa inafaa majuma machache kwa mwaka, akafika 19, alikuwa anakusanya pointi wapi miezi mingine yote? Kati ya mataji yake manne ya mchezaji mmoja mmoja, mawili hayakuwa ya nyasi: Hyderabad 2003 na Osaka 2010.

Osaka inahitaji aya yake. Fainali dhidi ya Kimiko Date-Krumm, Mjapani akiwa nyumbani, mwenye miaka 40. Tamarine alikuwa na 33. Walipigana seti tatu, 7-5, 6-7, 6-1, na taji likaenda Thailand. Paradorn alipofika umri huo alikuwa ameshatundika raketi. Tamarine aliendelea, na mwaka 2011 akafika nusu fainali ya Wimbledon ya wachezaji wawili wawili, akiwa na Marina Erakovic. Alistaafu rasmi 2016, zaidi ya miaka 20 tangu aanze kulipwa.

Kuna hoja nyingine inayoniudhi kweli: kwamba tenisi ya wanawake ilikuwa nyepesi, kwa hiyo robo fainali yake haina uzito. Tazameni waliomfungia mlango Wimbledon. Mwaka 2000, Serena Williams. Mwaka 2002, Monica Seles. Mwaka 2008, Venus. Na hao ni watatu tu. Ongezeni mabingwa Davenport, Hingis, Henin na Clijsters waliokuwa kwenye viwanja vilevile miaka ileile. Wepesi huo uko wapi?

Ninachokubali bila ubishi ni kwamba Paradorn ndiye aliyewajaza Wathai viwanjani. Bangkok ilipata mashindano yake ya ATP mwaka 2003, wakati wake wa kung'ara. Kama ukubwa kwenu ni mvuto kwa umma, nitawaachia ushindi. Lakini semeni hivyo waziwazi, msijifiche nyuma ya namba 9.

Kwa upande wa Paradorn naomba jibu la jambo moja mahususi: ni wiki gani katika maisha yake ya tenisi, pamoja na ile ya Agassi, mnayoweza kuiweka sawa na Juni na Julai 2008 za Tamarine? Leteni mechi, mpinzani na uwanja.