Mjadala: Anayekwenda Dodoma kushawishi wabunge aandikishwe, na ataje nani kamlipia?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, swali hili limetushinda kwenye kikao cha AMCOS yetu (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), nimeona nilimwage hapa. Tulikubaliana watu wanne waende Dodoma kuonana na wabunge kuhusu salfa ya kupulizia mikorosho na tozo ya korosho. Nauli hatuna. Mnunuzi mmoja akasema atalipia basi, gesti na chakula kwa wiki nzima. Wengi wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, kofia kaiweka gotini, akauliza: "Wakifika kule watasema ya kwetu, au ya mwenye nauli?" Kikao kikaahirishwa.

Sasa nauliza: itungwe sheria ya kumwandikisha kila anayelipwa au kulipiwa kwenda kumshawishi mbunge au waziri, na mfadhili wake atajwe? Mimi nasema itungwe, hata kesho.

Na msiniambie haya ni mambo ya mbali. Bandari yetu hii ni mtoto wa ushawishi. Machi 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa United Africa Company, kampuni ya kundi la Unilever, alitembelea Tanganyika. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mafuta ya kula ni ya kugawiwa kwa kipimo, na kampuni yake biashara yake ni mafuta hayohayo. Akarudi London na wazo la kulima karanga huku, akawaeleza mawaziri. Ikatumwa tume ya watu watatu kuja kukagua ardhi, na mmoja wao alikuwa meneja wa mashamba wa kampuni ileile. Kazi ikaanza, na kampuni ileile ikapewa kuisimamia hadi 1948. Zaidi ya ekari milioni 3 kwenye makaratasi: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Mwaka 1951 serikali yao ikafuta hasara ya kama pauni milioni 36. Sisi tukabaki na gati la kina kirefu lililojengwa kwa ajili ya karanga hizo, na tuta la reli iliyong'olewa watu hawajaizoea bado.

Sisemi Samuel alihonga. Hakuwa na haja ya kuhonga, mlango ulikuwa wazi kwake. Mkulima wa Nachingwea hakuujua hata mtaa ulipo. Na mwaka huohuo wa 1946 ndipo Marekani ilipotunga sheria yake ya kwanza ya jumla ya kuwaandikisha washawishi wa Bunge lao. Wenyewe walishajua wanaugua nini.

Wa Mikindani

Mkuu, historia yako tamu ila dawa yako ndiyo ugonjwa wenyewe. Umesahau takrima? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Ukarimu wa Kiafrika, tukaambiwa. Pilau likapikwa, khanga zikagawiwa. Mashirika matatu ya kutetea haki yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikaifuta kwa kuwa inakiuka Katiba: mwenye nacho anakirimu, asiye nacho anaangalia, na hakuna anayeweza kuonyesha takrima inaishia wapi na rushwa inaanzia wapi.

Leo unataka tuwape hao watu kitambulisho? Akikamatwa na bahasha atatoa kadi: mimi nimesajiliwa, mkubwa.

Halafu unadhani wanaoshawishi Bunge ni wafanyabiashara tu? Julai 2011 ilisomwa bungeni barua ya katibu mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini, ikizitaka taasisi zilizo chini yake zichange shilingi milioni 50 kila moja kusaidia bajeti ya wizara ipite. Serikali inalishawishi Bunge kwa hela ya umma! Huyo ungemwandikisha daftari gani?

Mwanafunzi wa sheria, Lindi

Nichangie kidogo, shikamooni wakubwa. Ushawishi huu wenzetu huuita "lobi", na neno lenyewe ni ukumbi wa nje ya chumba cha Bunge, pale raia wanapomvizia mbunge akitoka. Kuna kisa kinachopendwa kwamba Rais Grant ndiye aliyelianzisha kwenye hoteli ya Willard, Washington, akivuta sigara huku wenye shida wakimzunguka. Si kweli. Grant aliingia madarakani 1869, na Marekani neno hilo lilishatumika miaka ya 1830.

Ninachotaka kusema ni kwamba kupiga marufuku kulishajaribiwa pia. Jimbo la Georgia liliandika kwenye katiba yake ya 1877 kuwa kulobi ni jinai. Walobi hawakuhama. Walibadilisha jina la kazi, basi.

Na tusione aibu, hata uhuru wetu una lobi ndani yake. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki 1951, walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, 1952. Ardhi hawakuirudishiwa mwaka ule, lakini njia ikafunguka, na 1955 Nyerere akaipita akiwa na TANU. Tofauti na Samuel ni moja: nauli ya Kirilo kila Mmeru aliijua imetoka wapi.

Mkulima, Newala

Nyie mnaongea London na Georgia. Juni 2018 asilimia 65 ya tozo ya korosho ghafi, iliyokuwa inarudi kwenye zao, ilihamishiwa mfuko mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga, wa chama tawala na wa upinzani, mpaka sauti zikakauka. Ikapita. Novemba mwaka huohuo bei ikagoma, Rais Magufuli akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba. Hapo lobi ilikuwa wapi? Mwenye sikio ni mmoja, na huyo hakai ukumbini. Andikisheni mnavyotaka.

Wa Mikindani

Newala kasema. Tena mleta mada akasome ya Uingereza. Walitunga sheria 2014, daftari likafunguliwa, lakini likawahusu washawishi wa kukodiwa tu. Mwajiriwa anayeisemea kampuni yake haandikwi. Mwaka 2020 waziri mkuu mstaafu David Cameron akawa anawatumia mawaziri ujumbe wa simu kuiombea Greensill, kampuni ya fedha iliyokuwa imemwajiri. Msajili alipochunguza akakuta hakuvunja sheria, maana alikuwa mwajiriwa. Na sheria hiyo ilipita yeye mwenyewe akiwa waziri mkuu! Daftari linawakamata wadogo. Nyinyi watu wanne wa AMCOS ndio mtaanza kulipishwa faini.

Dada wa Likong'o

Mimi naona mnaandikisha mtu asiye. Huku kwetu ndipo inaposubiriwa mitambo ya kuchakata gesi asilia. Juni 2022 Serikali ilisaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell. Kabla ya siku ile na baada yake vikao vimekuwa vingapi, nani kakaa na nani? Sisi tunasikia kwenye redio, na mengine kwa madereva wa bodaboda.

Msimwandikishe anayetembea, mwandikisheni anayetembelewa. Waziri mmoja, shajara moja, kila miezi mitatu inabandikwa: tarehe fulani nilikutana na kampuni fulani, kuhusu jambo fulani. Wenzetu Uingereza mawaziri wao wanafanya hivyo, na hata mkulima asiye na nauli anaweza kusoma. Mwaka 2012 watu wa Mtwara waliandamana kuhusu bomba la gesi, na Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa, mji ukawaka moto na watu wakafa. Najiuliza tu kama wangekuwa wameona mapema bomba lile lilizungumzwa na nani, tungefika kule?

Mwanafunzi wa sheria, Lindi

Dada, hapo umenipiga bao. Ila vikao vya chakula cha jioni visivyoandikwa? Sam Ward, aliyeitwa mfalme wa lobi kule Washington baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi yake ilikuwa meza ya chakula.

Mleta mada, Mtwara mjini

La dada nalichukua, liingie pamoja na langu. Wa Mikindani bado sikukubalii.

Mrejesho: jana tumekaa tena. Ya mnunuzi tumeikataa kwa kura, si nyingi. Tumechanga elfu mbilimbili, watu wanne wamekuwa wawili, na mmoja ni yule mzee wa kofia. Sasa kina mama wa kubangua wameleta pakiti kumi na mbili za korosho za kukaanga, nusu kilo kila moja, wanasema huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Nikawakumbusha Samuel Colt, yule wa bastola, aliyegawa bastola za urembo kwa wabunge wa Marekani ili aongezewe muda wa hataza yake, yaani haki ya kuziunda peke yake, mpaka Bunge likaunda kamati ya kuchunguza mwaka 1854. Wakanicheka, wakaniuliza tangu lini korosho ikaua mtu.

Basi linaondoka alfajiri na pakiti ziko kwenye boksi mlangoni. Wa Mikindani, hii ni takrima au si takrima?

Wa Mikindani

Zina chumvi?