Mtoto wa miezi 7 ana vipu vyenye kitundu katikati, tuvikamue?

Mama_Ruashi
Jambo wapendwa. Mtoto ana vipu vitatu matakoni na kimoja mgongoni, pale ukingo wa nepi unapofika. Kila kimoja kina kitundu kinachotoa majimaji yenye damu kidogo. Usiku anashtuka akilia kama amechomwa sindano. Famasi walitoa pomadi ya antibiotiki, leo siku ya tano na hakuna mabadiliko. Hana homa, ananyonya vizuri. Nepi ni za kitambaa, tunazianika chini ya mwembe wa lupango, yaani uani kwetu. Bibi yake anataka kuvikamua leo jioni.

Muuguzi_Katuba
Mama Ruashi, mwombe bibi asubiri. Kwa maelezo yako, ndani ya kila kipu kuna funza, mtoto wa nzi, yule ambaye hospitalini wanamwita kwa Kifaransa *ver de Cayor*. Nzi jike hutaga kwenye nguo yenye unyevu iliyo kivulini, au kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo. Mayai yakianguliwa, vifunza hungoja ngozi yenye joto, kisha huingia bila mtu kuhisi. Kile kitundu ndicho anapopumulia, na ndiyo maana pomadi ya antibiotiki haimuui.

Mzibie huyo funza hewa. Nawa mikono kwa sabuni, paka vazelini nene juu ya kitundu na ngozi inayokizunguka, subiri nusu saa. Atapanda juu: utaona ncha nyeupe yenye vidoa viwili vyeusi. Futa vazelini, weka vidole gumba pande mbili za kipu, mbali kidogo na kitundu, bonyeza polepole kwenda chini kisha ndani mpaka atoke mzima. Akikataa, paka tena. Usimvute kwa nguvu, kwa sababu mwili wake una vimiba vinavyong'ang'ania nyama, na akikatika, kipande kinachobaki huleta uvimbe mkali na usaha. Akishatoka, osha kwa sabuni na maji safi; hapo ile pomadi ina kazi.

Kama kipo karibu na jicho au kwenye utosi, kama wekundu unasambaa, usaha unatoka, homa inapanda au mtoto anakataa ziwa, usijaribu nyumbani, mpeleke hospitali. Pia tazama karata yake ya chanjo: ile ya wiki ya 6, 10 na 14 ndiyo yenye kinga ya pepopunda.

Dobi_Kamalondo
Mkitoa wa leo bila kubadilisha namna ya kuanika, wiki ijayo wataingia wengine. Kupiga pasi ndiyo kinga yenyewe, lakini wengi hupitisha juu juu tu. Mayai yanakaa kwenye pindo, mishono na mpira wa kiunoni. Piga pande zote mbili, kandamiza mishono mpaka iwe ya moto na mikavu kabisa. Na jamani, kitenge cha kumbebea! Nepi zinapigwa pasi, halafu mtoto anafungwa mgongoni na kitenge kilichotoka kwenye kamba.

Mama_Ruashi
Asanteni sana. Umeme unakatika kila mara na makala (makaa) ya pasi ni ghali. Jua halitoshi?

Dobi_Kamalondo
Jua kali linasaidia, kwa kuwa nzi huyo anapenda kivuli, lakini lisiwe kinga yako ya pekee. Hamisha kamba itoke chini ya mwembe, usitandaze kitu kwenye majani wala chini. Mvua ikikazana, anika ndani, dirishani pawe na chandarua. Makala yakiwa machache, anza na vinavyogusa ngozi: nepi, fulana, shuka, kitenge. Vingine vikikauka, vifunge kwenye mfuko na usivitumie kwa wiki mbili kamili, tatu ukiweza. Kifunza kisichopata mwili hufa.

Mama_wa_Kenya
Kwetu wengine wanatia petroli kwenye kitundu, inafaa?

Muuguzi_Katuba
Hapana, hata tone. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, petroli itaiunguza na mvuke wake utamwingia mapafuni. Vazelini inatosha. Mama Ruashi, kabla ya kuanza, mvue nguo zote mchana na umkague mwili mzima: kwapani, chini ya mikunjo ya mapaja, nyuma ya masikio. Wakague na wakubwa zake wanaolala shuka moja naye.