Tupeane uzoefu: mashine ya umeme ya kusagia kahawa nyumbani, ile ya meno

Mhaya wa Tabata

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa Bukoba ninayeishi Dar, kwa hiyo kahawa nimeijua kabla ya chai. Ila kwetu tulikuwa tunaitafuna. Mgeni akiingia anapewa punje zilizochemshwa na majani yake na kukaushwa, anatafuna huku anaulizwa habari za alikotoka. Kunywa nimejifunzia mjini.

Mwaka juzi dada yangu akaniletea kilo 2 za arabika ya Mbinga, imeshakaangwa, ya punje. Sikuwa na cha kusagia. Nikachukua blenda, ile yenye kikombe kidogo cha viungo, nikabonyeza. Baada ya nusu dakika nilikuwa na vitu viwili kwenye kikombe kimoja: vumbi laini kama wanja, na chenga kama za mchele wa chini ya gunia. Nikamwagia maji. Vumbi likatoa uchungu wote liliokuwa nao, chenga zikabaki kama zilivyo, na kinywaji kikawa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja. Nikamlaumu dada, nikailaumu Mbinga.

Kosa lilikuwa kisu. Kisu kinapiga kinachokutana nacho: punje iliyo karibu inapigwa mara hamsini, iliyokwepa inapigwa mara mbili. Mashine ya meno haipigi. Ina meno mawili, moja limetulia na jingine linazunguka, na punje haitoki mpaka iwe ndogo kuliko nafasi iliyo katikati yake. Waliokulia karibu na mashine za unga za mawe wanaelewa: fundi akikaza unapata unga wa ugali, akilegeza unapata chakula cha vifaranga.

Nikanunua mashine ya umeme aina ya Baratza Encore, iliyotumika, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Meno yake ni ya pia (moja limechongoka, limekaa ndani ya jingine), upana milimita 40, na ina hatua 40 za kukaza na kulegeza. Kwa birika la kioo lenye chujio la kusukuma naweka kwenye 28 hivi. Kwa karatasi ya kuchujia, 15. Gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji. Kahawa ya dada ilikuwa imebaki robo kilo tu, na siku hiyo ndipo nilipompigia simu kumwomba radhi.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshanunua birika la shingo ya bata, mizani na vikombe vya kioo, nikaacha kitu kimoja kilichokuwa kinaharibu vyote. Kama una hela ya kifaa kimoja tu, anza na cha kusagia.

Haya, leteni yenu. Unatumia ipi, na ulikosea wapi? Hasa ulikosea wapi.

kikaango_cheusi

Naweka kambi hapa. Nina laki 3 na mke hajui.

Binti wa Uru

Mhaya, shikamoo kama wewe ni mkubwa, mambo kama ni rika langu.

Mimi ni wa mlimani, Kilimanjaro, kahawa iko nyuma ya nyumba. Baba anavuna, tunamenya kwa mashine ya mkono, tunaloweka, tunaosha, tunaanika kwenye kichanja. Mwaka ule mvua ilitufukuza kichanjani, sehemu ya buni ikamaliziwa kwenye turubai chini, uani. Hiyo ndiyo niliyobeba kuja nayo Dodoma.

Nikakaanga mwenyewe kwenye sufuria. Nikaweka kwenye mashine yangu mpya, ina wiki tatu. Ikasaga vizuri, halafu ikatoa sauti ambayo sitaisahau, kama mtu anatafuna msumari, ikanguruma na kusimama. Nikafanya kosa la pili: nikazima, nikawasha tena, nikidhani itajivuta.

Kilikuwa kijiwe. Cheusi, saizi ya punje, kimekaangwa pamoja na kahawa mpaka kimefanana nayo. Jino la nje likamenyeka pembeni. Mashine inafanya kazi mpaka leo, lakini tangu siku hiyo kila nikisaga naona chenga kubwa chache ambazo hazikuwepo.

Sasa buni yoyote, iwe ya baba au ya duka lenye kioo na kiyoyozi, naimwaga kwanza kwenye sinia jeupe na kuichambua kama mchele. Dakika moja. Na mashine ikikwama: zima, chomoa waya ukutani, fungua, toa kwa mkono. Usiwashe tena "kuona kama itaenda".

Mwana wa Malindi (Unguja)

Jamani mie nawapinga kidogo.

Kwetu kahawa ni kahawa chungu, ile ya baraza, ya kikombe kidogo na kashata pembeni. Hiyo husagwa laini mno, karibu na poda. Mashine nyingi hizi za bei ya katikati zimetengenezwa kwa ajili ya kuchuja, na ukizikaza mpaka mwisho bado hazifiki huko. Nilinunua moja kwa kudanganyika na neno "laini" lililoandikwa kwenye boksi. Kahawa ikawa maji yenye rangi. Mzee mmoja wa barazani akaonja, akarudisha kikombe kwenye sinia, akaendelea na habari za mpira bila kusema lolote. Bora angenitukana.

Basi anayekunywa kahawa chungu na ana kinu na mchi nyumbani, akae navyo.

Halafu kuna la tangawizi. Shangazi yangu, Mungu amweke, alikuja kukaa nasi Ramadhani. Akaiona mashine, akaipenda. Nilipokuwa kazini akatia tangawizi kavu vipande vitatu na pilipili manga, kwani kahawa bila tangawizi kwake si kahawa. Tangawizi ina nyuzi. Zilijisokota kwenye meno kama uzi wa cherehani, mota ikawa inalia tu. Nilikaa nayo uwani na pini ya ushungi, nachomoa unyuzi mmoja mmoja, na shangazi kakaa pembeni ananisimulia jinsi kinu chake cha tangu harusi hakijawahi kuharibika.

Harufu ya pilipili manga ilikaa miezi miwili.

Mhaya wa Tabata

Mwana wa Malindi, hapo nimekubali. Nilisema "anza na cha kusagia" nikiwafikiria wanaochuja. Na shangazi kanichekesha mpaka mwanangu kaja kuuliza kuna nini.

Abu Salma, Maskati

Assalaam aleykum. Naongezea kwenye la viungo.

Huku Omani kahawa ni ya iliki, na buni hukaangwa kidogo tu, inabaki na rangi ya kahawia ya kufifia. Mambo mawili hapo. Kwanza, iliki naitwanga kando na kuitia kwenye birika. Haipiti kwenye mashine kamwe, maana plastiki inashika harufu na haiachi. Pili, na hili wengi hawalijui: kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu kuliko iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Mashine yangu ya kwanza ilisaga kahawa nyeusi bila shida, nilipoitilia ya kwetu ikawa inasimama katikati. Nikadhani mbovu, kumbe mota yake ndogo. Nikajifunza kuiwasha kwanza ikiwa tupu, ndipo nitie punje kidogo kidogo.

Na nyeusi sana nayo ina tabu yake. Punje zinazong'aa mafuta zinagandamana kwenye bakuli la juu, hazishuki, na mafuta yake kwenye meno yakikaa na joto la huku yanaoza, yananuka kama mafuta ya kukaangia samaki mara ya tano.

MamaZawadi_Tanga

Mimi ya kwangu ni fupi na ya aibu. Niliyaosha meno kwa maji na sabuni kama vyombo, nikayaacha kwenye karai usiku. Asubuhi yana kutu. Chuma kile na hewa yetu ya bahari haviivani. Brashi kavu inatosha jamani, ile ya kupakia rangi, mpya.

Otieno wa Umoja

Wadau, niko Nairobi. Mimi nilinunua ya stima, inafanya kazi poa, lakini sikuuza ile ya kuzungusha kwa mkono, na nashukuru. Stima ikipotea asubuhi na una mkutano saa mbili, mashine ya elfu ishirini za Kenya inabaki kuwa pambo. Ya mkono nikisaga gramu 18 ni kama dakika moja, mkono unachoka kidogo, basi.

Tena kuna kelele. Tuna mtoto wa miezi minne. Ya stima inamwamsha. Usiku napima punje za kesho, naziweka kwenye kikopo, asubuhi nasagia bafuni mlango umefungwa. Mke wangu anasema watu wengine huficha pombe.

Kitu kimoja kwa wa huku juu: msihangaike na mambo ya kupoza maji. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yakichemka, mimina.

kikaango_cheusi

Swali kabla sijatumia ile laki 3. Nina binamu Houston anarudi Desemba, anasema huko ni bei nafuu na atanibebea. Nimwambie abebe?

fundi_waya

Usimwambie. Au mwambie, lakini soma kibandiko cha chini kwanza. Marekani umeme wao ni volti 120, wetu ni 230. Watu wananunua ile plagi ya kubadilisha pini wanadhani imemaliza kazi. Ile inabadilisha umbo la pini tu, volti zinapita zote kama zilivyo.

Mwaka jana mteja aliniletea mashine nzuri sana, zawadi ya shemeji yake. Waliiwasha mbele ya wageni. Ilizunguka kwa kasi, wakapiga makofi, halafu moshi. Mota ilikuwa imeungua waya zote. Ukitaka ya huko, ununue na transfoma ya kushushia yenye wati za kutosha, na transfoma hiyo ni nzito kama tofali na itakula meza yako. Mimi nasema tafuta iliyoandikwa 220–240 tangu kiwandani, uwe na amani.

Na kabla hamjauliza habari ya LUKU: mashine ya wati 150 ikisaga sekunde 20, uniti moja inakusagia karibu mara 1,200. Umeme usiwe sababu yako ya kutonunua. Tafuta nyingine.

Mlalahoi Halisi

Laki tatu kusaga kahawa? Mimi Africafe kijiko kimoja, maji, nimemaliza. Mnajitesa.

Mhaya wa Tabata

Mkuu, Africafe ni ya hapahapa Tanzania. Hapo usinigombanishe na nyumbani.

Neema K.

Kuna anayeteseka kama mimi na kahawa kurukaruka? Nikifungua kile kikopo, unga unaruka, unashika pembeni, unashika vidole, unashika mpaka fulana. Nimeshawahi kwenda kanisani na kahawa kwenye mkono wa gauni.

Binti wa Uru

Neema, ni umeme ule wa nywele na chanuo. Kahawa ikisuguana inajichaji. Chovya ncha ya kijiko kwenye maji, itikise, halafu koroga nayo punje kabla ya kusaga. Tone moja tu, punje zisilowe.

Nilikuwa nadhani ni ushirikina wa wapenda kahawa mpaka nikasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walilipima jambo hili mwaka 2023 wakishirikiana na watu wanaochunguza majivu ya volkeno, maana majivu nayo hujichaji yakisuguana hewani. Wakaona maji kidogo yanapunguza chaji na mabonge, na espreso (ile kahawa ya kikombe kidogo inayokamuliwa kwa mashine) inatoka nzito zaidi kwa kahawa ileile. Nimekulia chini ya volkeno na hakuna aliyewahi kuniambia.

Otieno wa Umoja

Hiyo ya kijiko inafanya kazi. Na nyingine: ukitaka kukaza iwe laini zaidi, kaza mashine ikiwa inazunguka. Ukikaza imesimama, punje zilizobaki katikati zinabanwa na unaweza kuvunja kitu. Kulegeza hakuna neno. Halafu ukibadilisha hatua, gramu mbili tatu za kwanza bado ni za saizi ya jana, zimebaki ndani. Usizihukumu hizo.

Neema K.

Nimejaribu kijiko. Jamani. Kikopo kisafi! Mbona hawaandiki kwenye kile kitabu?

kikaango_cheusi

Mrejesho. Binamu nimemwambia aniletee viatu. Mashine nimechukua hapahapa mjini, ya volti 230, meno ya pia, imetumika kidogo, laki 2 na themanini. Nilifungua nikakagua meno kwa tochi ya simu kabla ya kulipa, muuzaji akaniangalia kama nakagua ng'ombe.

Mke kaiona. Kauliza inasaga karanga?

Mwana wa Malindi (Unguja)

Mwambie haisagi. Mwambie leo, kabla hujatoka kwenda kazini.