Mrejesho: kofia iliyobana baada ya kufuliwa

Assalaam aleikum. Ni mimi niliyeuliza kwa nini kofia yangu ya kudarizi, kazi ya miezi minne, ilibana kichwa na kukunjamana ilipofuliwa mara ya kwanza. Wengi mlilaumu uzi. Aliyepatia ni yule aliyeuliza kama niliroweka nguo kabla ya kukata. Sikuroweka, bafta (ile nguo nyeupe ya pamba) niliikata vile vile ilivyotoka dukani.

Safari hii, kwa kofia mpya, bafta imelala majini usiku kucha, nikaianika, nikaipiga pasi, ndipo nikapima kichwa. Kwenye vitundu, yale matundu madogo ya kofia yanayozungushiwa uzi, nilikosea tena. Mama mmoja hapa mtaani Langoni aliponiona navuta uzi alicheka: "Mwanangu, wakaza kama wafunga tanga!" Ukikaza kila kitundu, vyote pamoja huivuta nguo, na kofia hupungua hata kabla ya kuona maji. Nikalegeza.

Wanga wa muhogo wa kuisimamisha kofia niliuchuja kwa kitambaa (ule wa kwanza ulikuwa na mabonge, aibu tupu), nikaianika kofia juu ya sufuria ndogo iliyofunikwa kifudifudi.

Imefuliwa mara mbili, haijapungua. Ile ya kwanza nimempa mpwa wangu, imemkaa sawasawa. Ataivaa Maulidi.