Daftari, picha na rili za zamani za uvuvi wa burudani Tanga: nianzie wapi?

Mshipi24
Wakuu, habari. Kuna sanduku la bati hapa Raskazone: daftari la samaki la 1951 hadi 1964, albamu ya kurasa za gundi, negativu zinazonuka siki, na rili mbili (magurudumu ya kuviringia mshipi) zenye kutu ya kijani. Nia ni vitunzwe, kisha vijana wavione bure. Kipi kwanza? Na humo daftarini "9T" na "24T" ni nini? Kuna aliyeshauri kurasa zilaminishwe.

Bandarini
Usilaminishe! Plastiki ile haibanduki tena.

Negativu kwanza. Harufu ya siki ni asetati (plastiki ya filamu) inayooza, na mvuke wake huharibu zilizo jirani. Zitoe sandukuni leo, ziweke peke yake kwenye bahasha za karatasi, ziskaniwe kwa dpi (nukta kwa inchi) 2400 kwenda juu. Picha za karatasi, dpi 600 inatosha. Faili la TIFF ni la kutunza, JPEG la kugawa. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo tuma kama dokumenti.

Picha iliyoganda kwenye albamu, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake taratibu. Ikigoma iache, skani ukurasa mzima. Sanduku nalo likifungwa wakati wa masika linafungia unyevu ndani, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Tia pakiti za silika jeli zinyonye unyevu, lipandishe kwenye kichanja mbali na ukuta.

FundiRili
T ni "thread", yaani hesabu ya nyuzi za mshipi. Kabla ya nailoni kuenea, mishipi ya samaki wakubwa ilisokotwa kwa kitani, na kila uzi ulihesabiwa ratili 3 ukiwa umelowa. 9T ni ratili 27, kama kilo 12; 24T ni ratili 72, karibu kilo 33. Kitani kikilowa kinaongeza nguvu, lakini kikiwekwa na chumvi yake kinaoza. Ukikuta mshipi bado uko kwenye rili, utoe, usuuze, uanike kivulini, uuviringe na kibandiko chake.

Unaponakili, andika "9T" kama ilivyo na kilo ziende safu ya pembeni. Ukibadilisha kimyakimya, kosa lako la hesabu halitaonekana milele.

Rili: piga picha kila hatua, vipande vipange kwenye trei ya mayai kwa mfuatano. Loweka kutwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ubadilishe mara mbili. Maji ya moto hapana, hasa kama pande zake ni Bakelite, plastiki ngumu ya zamani. Skrubu ikigoma, tone la mafuta ya kupenya, usubiri hadi kesho. Bisibisi isiyojaa mfereji inakula kichwa. Msasa acha kabisa, unafuta maandishi ya kiwandani ambayo ndiyo yanayotaja umri. Breki ibaki imelegea, kwani washa za ngozi (vipete bapa vya breki) zikibanwa miaka hugandana. Washa ngumu za kijivu zinaweza kuwa na asbesto, usizisugue zikiwa kavu.

Pwani_Mwambani
Mmeshughulikia vyuma, watu je? Picha za enzi zile aliyeshika fimbo ya kuvulia ana jina. Nahodha aliyejua samaki walipo hana. Chapisha kubwa, A4, uzipeleke kwa wavuvi wa Sahare, Deep Sea na Mwambani, wazee wazitazame bila haraka. Omba idhini wakati kinasa sauti kimeshawaka. Rekodi kwa WAV (sauti isiyobanwa), simu iwe hali ya ndege, feni izimwe.

Usiulize mwaka. Uliza kama ilikuwa kaskazi au kusi, bamvua au maji mafu, hayo hawasahau. Sulisuli na nduaro, samaki wenye mdomo mrefu, watu huwachanganya, kwa hiyo andika jina lililotamkwa pamoja na namba ya picha. Miamba ya Karange na Fungu Nyama iko kwenye ramani, ila majina ya miamba midogo mengi yako vichwani tu. Yaandike, lakini alama za GPS usiweke hadharani. Habari ya uvuvi wa baruti Tanga tunaijua.

Mshipi24
Shukrani wakuu. Mafaili niyaiteje?

Bandarini
1958-02_014_nguru: mwaka, mwezi, namba ya picha, samaki. Mwaka mbele, yajipange yenyewe. Mwezi usipojulikana andika 00, usibuni. Nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba hiyo.