Gobori langu la gumegume linatawanya risasi: naomba ushauri

Mchongamti: Ndugu zangu, heshima kwenu. Nimejiundia bunduki ya kushindilia kwa mdomo, kwa mtindo wa bunduki ndefu za Pennsylvania za karne ya 18, yenye mtambo wa gumegume (jiwe linalotoa cheche za kuwasha baruti) na mtutu wa pande nane. Tundu la mtutu lina milimita 12.7 na mifuo yake, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, ni safi. Mti wa kuushikia mtutu nimeuchonga mwenyewe kwa patasi, nikaupaka mafuta ya kitani hadi mishipa yake ikajitokeza. Tatizo ni shabaha: katika mita 50 risasi mbili hukaribiana, kisha ya tatu huenda kombo kabisa. Natumia risasi ya duara ya milimita 12.4, kitambaa cha pamba chenye mafuta cha kuizungushia, na gramu 4.5 za baruti nyeusi. Nipunguze baruti au nibadilishe kitambaa?

Kalibu: Anzia kwenye risasi zenyewe, ndugu. Zipime kwa mizani moja baada ya nyingine. Kwa kipimo chako kila moja inapaswa kukaribia gramu 11.3, na iliyo nyepesi kuliko wenzake ina povu la hewa ndani. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327, lakini mimi husubiri yapate moto zaidi ili yajaze kalibu vizuri. Siku moja tone la jasho liliangukia ndani ya sufuria, madini yakalipuka na kunirukia mkononi, na tangu hapo siyeyushi bila glavu na miwani.

MoshiMzito: Kwa maoni yangu, achana na gumegume uweke mtambo wa fataki. Mchungaji Alexander Forsyth wa Scotland alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga mwaka 1807, kwa sababu ndege walishtushwa na moshi wa kisahani (kikombe kidogo cha baruti ya kuwashia) kabla risasi haijatoka. Mkono wako nao huenda unashtuka vivyo hivyo.

Mizani: Kabla ya kubadilisha mtambo, naomba majibu mawili. Vitambaa unavyoviokota mbele ya mdomo baada ya kupiga vina hali gani? Na mdeki, ufito wa kushindilia risasi, unapousukuma, unahisi ukinzani ule ule tangu mdomoni hadi kwenye baruti?

Mchongamti: Vitambaa vimechanika upande mmoja. Kuhusu mdeki, kuna mahali, kama shubiri moja juu ya baruti, ambapo unateleza ghafla kisha unakaza tena. Sikulitaja kwa sababu naona halihusiani. Mtutu niliuziwa na mtu aliyekuwa ameutumia, nao ni chuma kinene.

Fundi Mitutu: Linahusiana kuliko yote uliyoyataja. Mtutu huo umevimba. Mtu aliwahi kuacha risasi ikiwa haijafika kwenye baruti, na bunduki ilipolipuka, gesi ilijikusanya nyuma ya risasi hiyo iliyosimama njiani, ikakitanua chuma kikawa na pete. Sasa kila risasi ikipita hapo, kitambaa kinalegea, gesi inapenya ubavuni, nayo mifuo haiishiki sawasawa. Hakuna kipimo cha baruti kitakachorekebisha hilo. Usiipige tena bunduki hiyo.

Mchongamti: Nakushukuru, mzee wangu, lakini naomba unielewe. Mtutu umekwisha kuvumilia milio mingi bila kupasuka. Mti nimeuchonga kwa mtutu huu huu, na sehemu iliyotuna nimeanza kuipiga tupa ili ikae bapa.

Mizani: Hiyo tupa iweke chini leo. Unapunguza chuma mahali ambapo tayari kimevutika. Uingereza, kwa mfano, imekuwa na nyumba ya kujaribia mitutu mjini Birmingham tangu 1813, ambako hupigwa kwa shehena inayozidi ya kawaida kabla ya kuuzwa, na mtutu uliodhoofishwa baada ya hapo alama yake ya kufaulu jaribio haina maana. Anayesimama ubavuni mwako kwenye safu ya walengaji hajaridhia hatari uliyoichagua wewe.

Shuhuda: Samahani, mimi siamini kisa hiki. Pete ya namna hiyo huonekana pande zote nane. Mtu angewezaje kuchimba mfereji wa mti, milimita kwa milimita, asiuone uvimbe? Mwanzoni mifuo ilikuwa safi, sasa mtutu una pete. Nadhani tunajibu habari ya kutungwa, na hakuna bunduki yoyote.

Kalibu: Hata mimi nimeanza kusita.

Mchongamti: Niliuona. Nilipopaka masizi kwenye mtutu na kuubana ndani ya mfereji, alama nyeusi ilibaki mahali pamoja tu, nikachimba zaidi pale ili mtutu ulale. Leo nimelaza rula ya chuma juu ya ubapa wa juu, ambao bado sijaupiga tupa, na mwanga unapita mbele na nyuma ya uvimbe.

Fundi Mitutu: Hiyo alama ya masizi haitungwi na mtu ambaye hajawahi kulaza mtutu kwenye mti. Shuhuda, mimi namwamini. Mchongamti, pima upana kutoka ubapa hadi ubapa, karibu na mdomo na karibu na nyuma.

Mchongamti: Milimita 23.8 pande zote mbili.

Fundi Mitutu: Basi kazi yako ya mti haijapotea. Agiza mtutu mpya wenye upana huo huo usiopungua kuelekea mdomoni, na uliojaribiwa. Pale ulipochimba zaidi, gundisha kipande chembamba cha mti wa aina ile ile na ukisawazishe kwa masizi kama ulivyofanya. Angalia pia kwamba tundu la moto, linalopitisha moto hadi kwenye baruti ya ndani, litalingana na kisahani kabla hujatoboa matundu ya pini za kuushikisha mtutu kwenye mti. Ukishapakia mara ya kwanza, na risasi imekaa barabara juu ya baruti, chora mstari kwenye mdeki usawa wa mdomo. Mstari huo ukibaki juu ya mdomo siku yoyote, risasi haijafika.

Mchongamti: Nitaagiza. Mtutu wa zamani nitaukata katikati ya pete, nione ndani pakoje.